Umbali wa Chaji Moja Nje ya Lami

Kila inapotangazwa pikipiki mpya ya umeme ya kwenda porini, swali la kwanza la watu huwa ni lilelile: inakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja? Swali lina haki yake, lakini kwa chombo kinachopita kwenye mchanga, mawe na matope naliona linapotosha kuliko maswali mengine yote, kwa sababu kilomita moja ya huko haina bei moja: moja hupita bila betri kushtuka, na inayofuata hula umeme wa kilomita kumi za lami.

Tuitazame Stark Varg, iliyozinduliwa Desemba 2021 na kampuni ya Stark Future ya Barcelona, ikiwa na betri ya kilowati-saa 6 na mota iliyotajwa kuwa na nguvu za farasi 80. Walioitengeneza walisema inaweza kuendeshwa hadi saa 6 kwa mwendo wa utulivu. Ukigawanya, utaona kwamba hesabu hiyo inamtaka mwendeshaji atumie kwa wastani kilowati 1 tu, yaani zaidi kidogo ya farasi mmoja kati ya wale 80 aliowalipia. Akiwafungulia wote, ambao ni kama kilowati 60, betri hiyohiyo itakwisha kwa dakika 6. Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kukaza mkono muda wote huo bila kuanguka, lakini kati ya saa 6 na dakika 6 kuna nafasi ya kutangaza karibu namba yoyote, na yeyote atakayeitangaza hatakuwa amesema uongo.

Upande wa ardhi ndio wenye mambo mengi zaidi. Pikipiki na mwendeshaji wake wakiwa na jumla ya kilo 200, kusukuma tairi peke yake kwenye lami nzuri hugharimu kiasi cha wati-saa 11 kwa kilomita. Kwenye mchanga laini, ambako ukinzani wa tairi hukadiriwa kuwa mara kumi ya ule wa lami, gharama hupanda hadi karibu wati-saa 110, na ukiongeza umeme unaopotea kwenye mota, kidhibiti na mnyororo unafika kama 130. Kwa hesabu hiyo kilowati-saa 6 zinakufikisha kilomita 46 hivi, na hapo sijahesabu upepo, kupunguza mwendo kwenye kona, wala kunyanyuka upya kila baada ya kizuizi. Milima, ambayo watu huiogopa sana, si mwizi mkubwa kiasi hicho: kuupandisha mzigo huohuo wa kilo 200 hadi mita 1,000 juu ya ulipoanzia kunahitaji wati-saa 545, au kama 650 pamoja na upotevu, ambayo ni zaidi kidogo ya sehemu moja kwa kumi ya betri. Sehemu ndogo yake hata hurudi wakati wa kushuka, mota inapogeuka kuwa jenereta, ingawa kwenye mteremko wenye kokoto tairi la nyuma huanza kuteleza kabla halijarudisha umeme wa maana.

Kuna na upotevu ambao jedwali la matangazo haliuoneshi kabisa. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu limesimama, na hakuna klachi ya kuipunguza makali. Mwendeshaji mgeni akikaza mkono kidogo tu kuliko inavyotakiwa, tairi la nyuma huchimba, mchanga huruka nyuma kama unaofukuliwa na kuku, na pikipiki husogea hatua mbili. Umeme uliotumika hapo umechimba shimo, haukusafirisha mtu. Ndiyo maana nauthamini uwezo wa kupunguza nguvu ya mota kwa simu au kwa kitufe kilicho kwenye usukani kuliko ninavyozithamini zile farasi 80 zenyewe. Mwendeshaji aliyeshusha nguvu hadi robo na kupunguza upepo wa tairi anaweza kumwacha mbali mwenzake mwenye betri kubwa zaidi.

Petroli nayo tuipime kwa haki. Lita moja ina nishati ya karibu kilowati-saa 9, kwa hiyo tangi la lita 7 lina kama 63, na hapo ndipo watu husema kwamba betri imeshindwa mara kumi. Lakini injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto. Ikifikisha robo yake kwenye gurudumu imefanya vizuri, wakati mota ya umeme na kidhibiti chake hufikisha karibu sehemu tisa kwa kumi. Kwenye gurudumu, basi, ni kilowati-saa 16 kwa 5 na ushei. Pengo ni mara tatu. Kinachouma zaidi ni uzito, kwa sababu lita 7 za petroli zina kilo 5 na kitu na hupungua kadiri unavyokwenda, ilhali betri ya kilowati-saa 6 ina zaidi ya kilo 30, na inarudi nyumbani ikiwa na uzito uleule iliyoondoka nao.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba mustakabali ni kuongeza tu ukubwa wa betri. Ukiizidisha mara mbili umeongeza kilo 30 kwenye chombo ambacho mtu hukiinua kwa mikono yake kinapolala kwenye matope, na uzito huo nao unadai umeme wake. Tumaini limo ndani ya seli. Betri za lithiamu za kwanza kuuzwa, zile za Sony za mwaka 1991, zilibeba kama wati-saa 80 kwa kilo. Seli nzuri za leo zinapita 250. Ni mara tatu katika miaka zaidi ya 30, sawa na asilimia 3 au 4 kwa mwaka. Toleo la Varg la enduro, yaani mbio ndefu za njia za porini, limekuja na kilowati-saa 7.2, nyongeza ya asilimia 20 kwa miaka michache. Mwendo huo ukiendelea, baada ya miaka kumi betri ya uzito wa leo itabeba karibu mara moja na nusu ya umeme wa leo. Pengo la petroli litakuwa limepungua hadi mara mbili, halitakuwa limezibwa. Seli za hali mango, ambazo ndani yake umajimaji wa kupitisha chaji umebadilishwa na kitu kigumu, zinaweza kuivunja hesabu hii, lakini zimeahidiwa kwa muda mrefu, nami ningependa kwanza kuziona ndani ya pikipiki iliyopigwa na mawe msimu mzima.

Kubadilisha betri njiani husikika kama jibu rahisi. Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki walikubaliana mwaka 2021 juu ya vipimo vya pamoja vya betri za kubadilisha, na ile ya Honda ina kilowati-saa 1.3 hivi kwa kilo 10. Kwa skuta za mjini ni jambo zuri sana. Ili ufikishe kilowati-saa 6, hata hivyo, unahitaji karibu betri tano zenye kilo 50, pamoja na mtu wa kukusubiri porini akiwa na nyingine tano.

Mashindano ya motokrosi, yaani ya kuzunguka uwanja wa udongo wenye vilima, ambayo kila mbio yake kwenye ubingwa wa dunia huchukua dakika 30 na mizunguko miwili, yako tayari mikononi mwa teknolojia ya leo, na Honda ilishaiingiza pikipiki yake ya majaribio ya umeme kwenye mashindano ya Japani mwaka 2023. Enduro ya siku nzima itachelewa. Ralli za jangwani zitakuwa za mwisho: kwenye Dakar pikipiki hutakiwa kuweza kwenda kilomita 250 bila kujaza mafuta, na hata nusu tu ya njia hiyo ikiwa mchanga laini, kwa hesabu ya hapo juu sehemu hiyo peke yake inadai kilowati-saa 16, yaani karibu kilo 90 za betri za leo, kabla hujaanza kuhesabu zile kilomita 125 zilizobaki.