Toa kidole kwenye kitufe

Nilikuwa zamu melini, saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, niliposikia kwenye chaneli 16 ya redio, ile ya wito wa dharura baharini, mtu anahema: "Mayday, Mayday, maji yanaingia, maji yanaingia..." Kisha mawimbi, ndoo ikigongagonga, mwenzake anapiga kelele. Nikanyanyua maiki, nikairudisha. Hanisikii. Kidole chake bado kimekandamiza kitufe. Redio hizi za VHF, za mawasiliano ya vyombo vya baharini, hazisemi na kusikiliza kwa pamoja. Ukibonyeza, umejiziba masikio, na walio karibu nawe umewaziba midomo.

Alikuja kuachia baada ya kama dakika moja. Kasema pampu imekufa, kasema injini, kasema hata ndoo ni moja. Alipo, hakusema. Kituo cha pwani kikamuuliza hilo tu. Kimya. Halafu namba za mahali alipo zikaanza kuja, moja moja, kama mtu anayesoma bila miwani. Nikaziandika kwa penseli pembeni mwa ramani. Sisi tulikuwa mbali. Boti ya uokoaji iliwawahi, wote watatu wazima.

Simcheki. Kwenye mtihani wangu wa cheti cha redio nilitaja jina la meli mara 3 kama inavyotakiwa, nikaeleza moto wa chumba cha injini kwa ufasaha wa mtangazaji wa mpira, nikamaliza. Mwalimu akaniangalia: "Sawa. Tuje wapi?"

Ndiyo maana kando ya redio yangu pana karatasi: jina, mahali, shida, msaada, watu wangapi. Betri ikiwa inakata roho, jina na mahali vitangulie. Hayo ya ndoo yatasubiri.

Kuna na kile kitufe chekundu chenye kifuniko kwenye redio, cha kuomba msaada. Funua, bonyeza, shikilia kama sekunde 5. Redio yenyewe inatuma namba ya chombo kwenye chaneli 70, pamoja na mahali ulipo. Ila mahali itapajuaje kama haikuunganishwa na GPS? Majuzi nilipanda boti ya rafiki yangu, redio mpya inang'aa, nikapenyeza mkono nyuma yake. Waya upo, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe, ncha yake haijachomekwa popote. Ananiambia hivyo ndivyo alivyoinunua, miaka minne sasa.