Nani Alikufundisha Kupiga Mswaki

Siku ya tisa leo tangu nipasuliwe ufizi. Kidonda cha kaakaa kimeanza kufunga, uji naumeza bila kufumba macho, lakini lile swali la dokta linanirudia kila asubuhi nikifika bombani.

"Mama, nani alikufundisha kupiga mswaki?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ilikuwa Kampala, kabla ya upasuaji. Alinipa mswaki na yale meno ya plasta yanayokaa mezani kwake, akaniambia nisugue kama ninavyosugua nyumbani. Nikasugua. Nywele za mswaki zikalala huku na huku, plasta ikalia kwiri, kwiri, mpaka akanishika mkono. Dokta ni binti wa Arua, miaka 30 sidhani kama ameifikisha, na Kiswahili ni cha kwao. Siwezi kusema sikumwelewa.

Nikamjibu, "Hakuna, dokta. Nilijifundisha mwenyewe."

"Vizuri," akasema. "Kama hukufundishwa na mtu, itakuwa rahisi kuacha."

Aliyenifundisha ni baba. Mnamjua, nimeshamwandika sana hapa. Landhi za reli Tororo, zile nyumba za wafanyakazi, bomba moja kwa nyumba nane, naye anatoka zamu ya usiku, ovaroli inanuka dizeli, hajala, hajalala. Anachuchumaa mbele yangu na mkaa uliosagwa na chumvi kwenye kiganja. "Sugua! Mtoto wa reli hanuki mdomo. Sugua nisikie." Nasugua mpaka asikie. Kisha ananipangusa midomo kwa kidole gumba, ngozi imekwaruza kama msasa, ndipo anaingia ndani kulala. Kila asubuhi ya Mungu. Wenzangu pale bombani walinawa uso tu wakakimbilia shule.

Mtu huyo ndiye niliyesema hakuna.

Nilijua kwa nini nilisema hivyo hata kabla sijafunga mdomo. Niliona dokta atamweka baba kwenye lile fungu la wazee wasiojua kitu, na sikutaka awekwe huko na mtu ambaye hakumwona akichuchumaa. Basi nikamwondoa kabisa. Wiki hiyohiyo mtandao wa kazini pale Malaba, mpakani, umekatika siku mbili malori yakajaa, na mimi kichwani bado nasugua plasta.

Kwa mnaotaka kujua ya upasuaji wenyewe: ufizi wa meno mawili ya chini mbele ulikuwa umeshuka mpaka mzizi uko nje, na mzizi hauna lile gamba gumu la jino, ndiyo maana maji ya baridi yalikuwa yananichoma hadi sikioni. Wakanichoma sindano ya ganzi, dokta akamega kipande cha nyama kwenye kaakaa, chembamba, kama milimita 1.5, akakishonea pale palipovuliwa. Kilichopandikizwa hakikuniuma sana. Kilichouma ni kaakaa, kama mtu aliyeungua na chai halafu akaungua tena palepale. Siku za kwanza hicho kipande hakina mishipa yake ya damu, kinaishi kwa majimaji ya jirani, kwa hiyo nilikatazwa kuvuta mdomo kukitazama, kukipiga mswaki, hata kunyonya kwa mrija. Kikitikiswa, hakishiki. Nilichungulia mara moja tu bila kugusa. Kilikuwa cheupe kama ngozi iliyolowa maji, nikalia nikidhani kimekufa. Dokta akaniambia kwa simu kwamba ndivyo kinavyoanza, kitapata rangi. Sasa kina wekundu kidogo pembeni.

Kwenye basi la kurudi, pale Namawojjolo, lile soko la njiani, wauzaji wakaingiza vijiti vya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, mpaka puani mwangu. Nikageuza uso.

Jumamosi mama akaja na mtindi. Akaniketisha mlangoni penye mwanga, akaniambia nifungue, akatazama kimya muda mrefu.

"Haya ni meno ya baba yenu," akasema.

Nikamwandikia kwenye karatasi, maana sikutaka kuongea: Vipi?

"Alikuwa na meno marefu hivihivi, mwanangu. Miaka ya mwisho alikuwa anaanika kikombe chake dirishani kabla ya kunywa. Nyinyi mlisema mzee anapenda maji ya vuguvugu."

Nakikumbuka kile kikombe. Cha bati, buluu, mdomo umebanduka rangi. Mara ngapi nimekitoa dirishani nikamwaga maji nikamletea mapya ya mtungini, ya baridi, nikidhani namtunza. Akayapokea. Akasema, "Ahsante, binti." Akayanywa.

Dokta alinieleza kwamba kwa wengine ni ukoga na ugonjwa wa fizi, lakini kwangu ni mambo mawili yamekutana: mkono mzito wa miaka mingi, na ufizi mwembamba wa kuzaliwa nao. Basi vyote viwili nimevipata kwake. Tangu Jumamosi sijaona aibu tena. Namtamani tu awepo nimpeleke Kampala, nimshike mkono kwenye kile kiti, nimwambie afungue.

Jumanne narudi kutolewa nyuzi. Sentensi ninayo tayari, nimeifanyia mazoezi kwa sauti ndogo ili nisivute mshono: Dokta, nilifundishwa na baba yangu, na alinifundisha vizuri kadiri alivyojua. Naomba unionyeshe njia nyingine.

Mvua imeanza kupiga sasa hivi kutoka upande wa mwamba. Lile bati juu ya chumba cha mama bado limefungwa kwa waya, na fundi pesa alichukua tangu Jumatatu, simu yake haipatikani.