Maua kumi na moja

Doto ndiye aliyeliona. Tulikuwa tunatoa nguo kwenye sanduku la Bibi, lile la bati, kwa sababu mchwa wameingia chumba cha uani, na Kulwa alishaikimbia kazi kama kawaida yake. Akaikunjua ile kanga nyekundu, akaikung'uta nafthalini, akainyanyua dirishani kwenye mwanga.

"Mama, hili doa la nini? Mbona la mviringo?"

Nikacheka kabla sijageuka. Hadithi hiyo naisimulia kila Krismasi: usiku wa wadudu wa ziwani, maua yangu ya nyama, na Bibi kuyafunika kwa kanga gizani. Naijua pa kuvuta na pa kukata, mpaka watu wanashika mbavu. Nikamwambia Doto akae nimsimulie. Akasema ameshaisikia. Nikaisimulia hivyo hivyo.

Sendofu ya mdogo wangu, 2014, nyumbani kwa baba mdogo, Nyegezi ya Mwanza, upande ule wa kushuka ziwani. Vikao vilikuwa saba na michango ilisumbua, sitaki hata kuanza. Wakwe walikuwa wanatoka Tanga. Kwenye kikao cha tatu mtu akasema Watanga ni watu wa mapochopocho. Tukiwawekea karanga na soda wakati wanasubiri chakula, watatucheka njia nzima kurudi kwao. Nikanyoosha mkono. Nikasema vitafunwa vya meza kuu niachieni mimi. Nilikuwa nimeona video.

Ilikuwa ya mama mmoja wa Kizungu mwenye kucha nzuri. Anapanga vipande vya salami kwenye mdomo wa glasi, anaipindua, linatoka waridi. Hakuna moto, hakuna sufuria. Niliitazama kwa bando la usiku hadi nikaikariri. Kisha nikakata miduara ya karatasi kutoka kalenda ya mwaka uliopita, nikawa nafanyia mazoezi. Mume wangu aliamka saa saba usiku akanikuta nimezungukwa na mawaridi ya Machi na Aprili. Akarudi kulala bila kuuliza.

Salami yenyewe kuipata ilikuwa shughuli. Nyingi ni ya nguruwe, na wakwe wengi ni Waislamu, kwa hiyo nilisimama mbele ya friji la duka nikisoma pakiti moja moja kama mtu anayekagua hati ya kiwanja. Ya ng'ombe, yenye alama ya halali, nikapata pakiti 6 tu, nikazibeba zote. Kwa bei ya pakiti moja ungetoka soko la samaki la Mwaloni na sato wa kushibisha nyumba. Chizi nikachukua za aina mbili, ya vipande na ile laini ya kupaka. Bibi aliposikia nimemaliza hela kwenye chizi, akauliza chizi gani huyo, na ameanza kuumwa lini.

Siku ya siku nikajitengea kona ya meza jikoni. Nje, shangazi zangu walikuwa kwenye mafiga, moshi umewajaa machoni, karai la sato linatoa kelele, pilau inapaliliwa makaa. Ndani nipo mimi na glasi yangu. Kila aliyeingia kuchukua chumvi alisimama kunitazama.

"Wewe unapika nini hapo bila moto?"

Shangazi mkubwa ndiye aliyenimaliza. Alikuwa ametoka Sengerema na kupigwa foleni ya pantoni pale Busisi (enzi hizo, siyo siku hizi watu wanateleza tu darajani), hivyo hasira alikuja nazo. Akasema, kwa sauti ya kusikika kisiwani, kwamba mtoto bado hajaolewa Tanga sisi tumeshaanza kula nyama mbichi.

Bibi yeye alikuja na kigoda chake akakaa karibu yangu.

"Mke mwenzangu, hii nyama imeiva?"

Nikamwambia haipikwi, Bibi. Inasagwa na mafuta yake, inatiwa chumvi nyingi na viungo, inaachwa ichachuke kidogo, halafu inaning'inizwa majuma kwa majuma ikauke. Ile chumvi na ule ukavu ndivyo vinavyozuia isioze.

Akakaa akifikiri. Mkerewe huyu, aliyezaliwa na kuzeekea kwenye samaki.

"Kumbe kayabo ya ng'ombe."

Nikamwambia ndiyo, Bibi, ndiyo hasa, kama ule samaki wenu wa kukaushwa kwa chumvi.

"Kayabo hailiwi hivi. Inalowekwa kwanza, chumvi itoke, ndipo ipikwe."

Lakini hakuondoka. Alitaka kuona. Kipande cha kwanza nakikalisha kwenye mdomo wa glasi, nusu ndani nusu nje, kama nguo kwenye kamba. Cha pili kinalalia nusu ya cha kwanza. Nazunguka, vipande vinne au vitano, duara limefunga. Mzunguko wa pili naupanga juu ya maungio ya ule wa kwanza, halafu wa tatu, na kila ninavyoongeza tundu la katikati linabana. Nakandamiza kingo kwa kidole gumba. Sahani juu, napindua, navuta glasi polepole. Linabaki ua, limejikunja kwa nje, jekundu lenye madoa meupe ya mafuta. Katikati natia donge la chizi laini. Vile vipande vya chizi navikata kwa kizibo cha soda: yale meno ya kizibo yanatoa kiua kidogo chenye kingo zake, navitawanya kando pamoja na majani ya giligilani. Siri ni ubaridi. Salami ikipata joto mafuta yanalegea, ua linafunguka lenyewe kama kitabu kilicholowa.

Bibi akaomba apindue moja. Likatoka limeinama upande. Akalitazama kwa majivuno, akasema hili ndilo linalofanana na ua la kweli, yangu yamesimama kama askari.

Babu akaita kutoka chumba cha kati. "Mchumba! Kuna nini huko kinanukia pilipili manga?"

Miguu ilikuwa imemvimba, kutoka nje hawezi. Kwa sababu ya presha, hospitali walishamkataza chumvi, kwa hiyo alikuwa anaishi kwa ndizi za kuchemsha zisizo na kitu, na malalamiko. "Mimi nitaonjeshwa nini kwenye sherehe ya mjukuu wangu?"

"Ndizi zako, Babu," nikamjibu kutoka jikoni. Tukacheka sote. Bibi sikumbuki kama alicheka.

Yakatimia maua 11. Saa nane umeme ukakatika. Kaka aliyeleta samaki alikuwa na boksi la barafu. Tukaipasua, tukaimwaga kwenye beseni, tukatandika nailoni, sinia likakaa juu. Yaani maua yangu ya kwenye video yaliwasubiri wakwe juu ya barafu ya sangara. Sikumwambia mtu, na mdogo wangu akisoma hapa ndiyo kwanza anajua.

Jioni Bibi alimwambia baba mdogo: mwezi umeandama juzi, leo msiwashe taa nyingi. Baba mdogo akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku jenereta linawashwa. Mpambaji alikuwa ameshatundika taa kila nguzo ya turubai. Kwa mbali ungedhani meli imetia nanga Nyegezi.

Wakwe wakaingia, vigelegele, mashairi, watu wakakaa. MC akatangaza kwamba kabla ya chakula, meza kuu itapata kitu kidogo cha kufungua kinywa. Nikatoka na sinia. Nilikuwa nimevaa kiatu kirefu kwa ajili ya hatua hizo ishirini tu.

Ukikaa ziwani unawajua. Mchana unaziona kule juu ya maji, nguzo za moshi usio na moto, zinapinda na upepo. Ni wadudu. Wanaishi kama funza kwenye tope chini ya ziwa, kisha wanatoka kwa mkupuo mmoja, zaidi mwezi ukiwa mchanga. Hawaumi. Wanafuata taa tu. Lakini ni wengi, jamani. Nilikuwa katikati ya turubai nikasikia sauti kama mtu anamwaga ulezi kwenye bati, kisha taa zikafifia, zimevishwa. Wakatua kwenye nywele, kwenye soda, kwenye keki. Mama mkwe alikuwa anapunga mtandio kama anayefukuza moshi. MC akafungua kinywa aseme kitu, akakifunga, akatema.

"Zima taa! Zima zote!"

Giza likaja mara moja. Nimesimama na sinia mikononi, sioni hata vidole vyangu. Wadudu wananigusa usoni wepesi kama unga, na kuna ile harufu yao, ya tope na samaki mbichi. Jenereta linanguruma bila kazi. Watoto wanacheka. Mtu anakohoa upande wa wakwe, kikohozi cha heshima. Nikawa nawaza maua: kila mmoja wao akitua kwenye chizi laini, hatoki. Nikataka kulia, kwa kweli.

Ndipo nikasikia mkono kwenye kiwiko. Mkono mkavu, naujua.

"Lete."

"Bibi, litakuelemea."

"Lete, nimesema. Kaa chini uvue hivyo viatu."

Sinia likanitoka. Nikasikia kanga inakunjuliwa, ule mpapatiko wa kitambaa, na Bibi akishuka chini kwenye mkeka kwa kiungo kimoja kimoja. Nikakaa pembeni yake. Nyuma yetu alisimama Shangazi mkubwa, nilimjua kwa kuguna. Hatukuongea. Sijui ilikuwa dakika ngapi, kumi, labda kumi na tano. Mara moja nilisikia chakacha chini ya kanga nikauliza, "Bibi, wameingia?" Akasema, "Tulia."

Taa zikawashwa mbili tu, mbali, kule kwenye mti, wadudu wakahamia huko. Bibi akafunua. Maua yalikuwa safi, hakuna hata mdudu mmoja. Nikahesabu. Manane.

Nikamtazama Bibi. Alikuwa anatazama mbele, uso kama wa mtu aliye kanisani.

"Maua si hupukutika," akasema.

Nikageuka. Shangazi mkubwa alikuwa anajifuta vidole kwenye kitenge.

Yaliyobaki ni ya haraka. Manane yakaenda meza kuu. Mama mkwe alipiga picha kwa simu, akachomoa kipande kimoja, akakitafuna muda mrefu, akasema mashaallah. Walichokimaliza hadi mifupa ni sato. Mdogo wangu yuko Tanga hadi leo, ana watoto watatu, na ukimuuliza maua ya salami anakumbuka viatu vyangu. Shangazi nilimnunia mwaka mzima. Baadaye ikawa utani, na kwenye hadithi ya Krismasi yeye ndiye mwizi. Anakaa palepale kwenye kochi akiapa kwamba yeye nyama mbichi hajawahi kuitia mdomoni, na akizidi kuapa ndivyo tunavyozidi kucheka.

Hapo ndipo ninapomalizia siku zote. Doto hakucheka. Alikuwa bado ameishika ile kanga dirishani.

"Lakini Mama, si unasema alifunika sinia?"

"Ndiyo."

"Mbona sasa doa liko huku kwenye pindo?"

Nikaichukua. Katikati ya kanga, ambako ingelala juu ya maua, hakuna kitu. Maandishi yanasomeka vizuri, *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Doa lipo kwenye kona kabisa. Rangi ya chungwa iliyopauka, na limekunjamana. Ile mikunjo midogo inayokimbilia sehemu moja, ya kitambaa kilichofungwa fundo. Bibi pindo lake tulikuwa tunalijua sote. Humo ndimo zilimokaa noti zake, na peremende tulizokuwa tunapewa kwa siri, mmoja mmoja.

Taa ziliporudi Bibi aliinuka akasema anakwenda kumpa Babu dawa. Hilo sijawahi kulisimulia kwa kuwa halikuwa na kichekesho. Alikaa huko mpaka keki imekatwa. Na usiku, wageni walipoondoka, mimi nililala mkekani kwenye korido, mlangoni kwao, na Babu aliomba maji. Nikampelekea. Baada ya muda akaomba tena. Mara ya tatu nilimkuta ameegemea ukuta, anang'aa macho kama kijana, na Bibi amejifunika shuka gubigubi, shuka linatikisika.

Akanywa kikombe chote. Akanirudishia.

"Mchumba," akasema, "kumbe umejua kupika."

Nilidhani ananitania, kwa kuwa siku ile sikugusa hata kijiti cha kiberiti.

Babu alituacha mwaka uliofuata, wakati wa masika. Jana nimeihesabu hiyo miezi kwa vidole, kisha nikaihesabu tena. Bibi alimfuata 2019, na hakuna siku niliyomuuliza.

Doto alitaka kuiloweka kwa sabuni ya unga. Nikamwambia aikunje airudishe. Shangazi amepiga simu kwamba Krismasi hii anakuja mapema, daraja lipo, hana kisingizio. Nilitaka nimwambie hukohuko kwenye simu, nikaishia kumuuliza habari za mihogo.