Gabriel au Collins: Ubishi wa Genesis Usiokwisha

Jioni hii tumebishana tena kuhusu Genesis, na nimerudi nyumbani maneno bado yananijaa mdomoni. Rafiki yangu hajabadili msimamo: bendi ile ya Uingereza ilikufa mwaka 1975, siku mwimbaji wake Peter Gabriel alipoondoka, na yote yaliyofuata ni biashara ya Phil Collins, aliyeimba baada yake. Wenye mawazo kama yake ni wengi. Upande wa pili wamo walioifahamu Genesis kupitia wimbo wa Invisible Touch wa mwaka 1986, ambao ukiwawekea wimbo wa dakika 20 watakuuliza kiitikio kiko wapi. Aliyekulia kwenye ubishi wa Msondo na Sikinde anaujua ushabiki wa aina hii. Mtu akiitetea bendi, anautetea na ujana wake.

Gabriel nampenda, na sitaki nieleweke vibaya. Yeye ndiye aliyepanda jukwaani mwaka 1972 na gauni jekundu na kichwa cha mbweha, watazamaji wakabaki wameduwaa. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, ikaweza kuwa ya mzee, ya mtoto, ya mhubiri, yote ndani ya wimbo mmoja. Lakini hoja ya kwamba yeye ndiye aliyekuwa Genesis nzima inanikera, na kinachonikera zaidi ni kwamba ushahidi wa kuipinga umo ndani ya kazi ileile wanayoisujudia.

Nazungumzia Supper's Ready, iliyomo kwenye albamu ya Foxtrot ya 1972. Ina dakika kama 23 na sehemu saba. Muulize shabiki yeyote wa roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu na mapigo magumu, akuonyeshe kilele cha wimbo huo, atakupeleka sehemu iitwayo Apocalypse in 9/8. Pale besi na ngoma zinashikilia mapigo tisa bila kulegea, huku kinanda cha Tony Banks kikizunguka juu yake kana kwamba hakina habari na hesabu hiyo. Nikifika pale huacha kila nilichokuwa nafanya. Sasa, nani waliousuka muziki wa sehemu hiyo? Banks, Mike Rutherford na Phil Collins, watatu peke yao. Gabriel aliweka sauti yake baadaye, akaweka vizuri mno, ila jengo lilikuwa limeshasimama. Na watatu hao ndio haohao waliobaki wakaitwa wafanyabiashara.

Collins mwenyewe hakuja kuomba kazi ya kuimba. Aliingia mwaka 1970 kama mpiga ngoma, na hata enzi za Gabriel alikuwa akiitikia nyuma na kuachiwa wimbo mmojammoja. Gabriel alipoondoka, bendi iliwajaribu waimbaji kadhaa wa nje, hakupatikana aliyefaa, ndipo Collins akashika kipaza sauti. A Trick of the Tail ya 1976 ikatoka, na mapigo yake ya kuvunjikavunjika yamo mlemle.

Kama ni kuomboleza, mimi namwombolezea mpiga gitaa Steve Hackett, aliyeondoka 1977. Watu humpita haraka katika ubishi huu, na hilo si haki. Sikiliza Firth of Fifth ya mwaka 1973: wazo la muziki linaanza kwa filimbi ya Gabriel, kisha baadaye gitaa la Hackett linalichukua na kulivuta polepole mpaka kifua kinabana. Baada yake Rutherford alibeba gitaa pamoja na besi, akajitahidi kweli, lakini ule mvuto mrefu wa nyuzi haukurudi. Hapo ndipo ninapousikia mpasuko, si 1975.

Na wanaodai kwamba Gabriel alibaki msanii na Collins akawa mchuuzi, wakumbuke Julai 1986. Invisible Touch ilikuwa namba moja Marekani. Iliondolewa pale na nini? Na Sledgehammer ya Peter Gabriel, wimbo wa kucheza, wenye tarumbeta na kiitikio cha kushika masikio. Nausikiliza mpaka leo kwa furaha kubwa. Wote wawili walitaka kusikika na watu wengi, na wote wawili walijua kazi.

Rafiki yangu akasema basi nimtajie wimbo mmoja wa enzi ya Collins wenye akili ya progresivu na ambao redio iliupiga. Nikamtajia Turn It On Again ya 1980. Akacheka, akasema huo ni wa disko. Nikamwambia ahesabu. Alianza kugonga meza, akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Ni mapigo 13 kwa kila mzunguko. Ametaka nimpe wiki moja kabla hatujaendelea, nami nimemkubalia, kwa sharti kwamba asikilize Duke, albamu yenye wimbo huo, yote, upande wa kwanza hadi wa pili, bila kuruka.