Jioni Babu alipoingia bandani

Mdogo wangu ana PlayStation 5. Kainunua kwa hela yake mwenyewe ya kutengeneza simu pale Kabwe, Mbeya, na juzi usiku alinikalisha kwenye kochi, akanipa pedi, akasema, "Kaka, chagua mtu wako." Ilikuwa Tekken 8, gemu ya kupigana. Nikawa napitisha macho kwenye nyuso za wapiganaji, wengine siwajui kabisa, mpaka nikafika kwa mzee mmoja mwenye upara katikati na nywele zilizosimama pembeni kama pembe mbili. Heihachi Mishima. Moyo ulinilipuka kama mtu aliyekutana njiani na marehemu.

Maana kwangu mimi yule mzee alikuwa marehemu. Katika Tekken 7, iliyofika kwenye mashine za nyumbani mwaka 2017, mwanawe Kazuya anapigana naye mpaka anamshinda, kisha anamtupa kwenye volkano. Nilimaliza hadithi ile usiku, peke yangu, chumba cha kupanga kule Forest, nikazima runinga nikabaki nimekaa gizani. Mwaka 2024 watengenezaji wakamrudisha kwenye Tekken 8. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nibonyeze. Nikamchagua mzee, nikapigwa raundi tatu mfululizo. Mikono ilikuwa Kabwe, akili ilikuwa Uyole, mwaka 2004.

Nilikuwa darasa la nne. Banda la gemu lilikuwa nyuma ya maduka ya njia panda, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Dar es Salaam. Lilijengwa kwa mabanzi, ndani likazibwa kwa maboksi ili baridi ya Juni isipenye, na ili wasio na hela wasichungulie bure. TV za chogo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mpira tu, Winning Eleven kutwa nzima, hapo walikaa wakubwa. Ya pili ilikuwa ya Tekken 3. Shilingi hamsini pambano moja. Anayepigwa anapisha, anayeshinda anabaki na pedi. Kuna watoto walioweza kukaa na hamsini moja tangu saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi.

PlayStation yenyewe ilikuwa ile ya kwanza, ya kijivu, na ilichezwa ikiwa imepinduliwa kichwa chini. Siku hizi najua sababu: reli za plastiki zinazobeba jicho la kusomea CD zinalika, jicho linashuka, halifikii tena, ukiipindua mashine, jicho linaegemea upande wa CD. Wakati ule tulijua tu kwamba bila kupinduliwa haisomi, na niliamini mashine zote za gemu duniani hulala hivyo. Tekken 3 ilikuwa imetoka kwenye PlayStation tangu 1998, kwa hiyo ilitufikia ikiwa na miaka sita. Kwetu ilikuwa mpya kama mkate.

Kilichoniteka kwanza ni vitufe. Vitufe vinne, viungo vinne: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ukielewa hilo, umepewa mwili wa mtu mwingine mzima mzima. Nilikuwa nikitembea kwenda shule huku nabonyeza paja langu, kushoto, kushoto, kulia, naona teke likienda. Bado nasema hakuna gemu ya kupigana iliyowahi kufikiriwa vizuri zaidi ya hiyo, na nimezicheza nyingi.

Majina tuliwapa wenyewe. Eddy Gordo aliitwa Mbrazili, na kuna waliokataa kucheza na mtu aliyemchagua, kwa sababu hata mtoto asiyejua lolote akibonyeza vitufe vya miguu ovyo, Mbrazili anazungusha kapoera yake mpaka unakufa hujui umekufaje. King alikuwa Kichwa cha Chui. Mokujin, lile sanamu la mbao linalobadili mtindo kila raundi na kuiga wa wenzake, tulimwita Kigogo. Dubu tulimwita Dubu. Jina lake la Kijapani lina maana hiyohiyo ya dubu, lakini ukilisoma kwa Kiswahili halitamkiki mbele ya mzazi, na mwenye banda alikuwa amebandika kipande cha plasta kwenye kioo, pale juu ambapo jina hutokea.

Na kijana mwenye suruali nyeusi yenye ndimi za moto, Jin Kazama, tulimwita Jini. Hatukuwa na maana yoyote. Tuliona herufi tatu, tukaongeza irabu kama tulivyozoea kufanya kwa kila neno la kigeni. Siku tulipoona mwisho wake ndipo watu waliposhika midomo.

Ukimaliza gemu kwa mpiganaji fulani, unaoneshwa filamu yake fupi. Banda halikuwa na memori kadi, kwa hiyo umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika, wapiganaji wote waliofunguliwa wanapotea na kazi inaanza upya. Ilichukua majuma kadhaa mpaka mmoja wetu, kijana aliyekuwa akijifunza useremala kwenye karakana ya jirani, alipompitisha Jini hatua zote: akampiga Heihachi, akampiga zimwi Ogre, akampiga tena Ogre aliyegeuka joka. Tulikuwa tumeshasimuliwa habari yenyewe na waliojua Kiingereza kidogo. Jini alifiwa na mama yake akiwa na miaka 15, Ogre ndiye aliyemwondoa. Akaenda kwa babu yake, Heihachi, akaomba afundishwe kupigana. Babu akamfundisha miaka minne. Sasa Ogre ameshindwa. Tukategemea babu na mjukuu wakumbatiane.

Askari wakamimina risasi. Jini akaanguka. Kisha yule mzee akasogea, akatoa bastola, akammalizia mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Sijui watoto wa Japani au Marekani waliipokeaje filamu ile. Sisi kwetu babu na mjukuu ni watani. Babu ananyang'anyana nawe kiti, anakuita mwenzake, anadai umemwibia mke ukikaa karibu na bibi. Baba ndiye anayechapa. Babu ndiye unayekimbilia fimbo ikiinuliwa. Jini aliinuka baadaye, akambamiza yule mzee ukutani na kuruka naye nje, akaota mabawa meusi, watu wakapiga kelele kwamba kumbe ni jini kweli. Mimi sikupiga kelele. Mtoto mmoja nyuma yangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Babu yake kabisa? Wa damu?"

Mimi nilikuwa naishi kwa babu. Mama alikuwa anauza mitumba Tunduma, alikuja mwisho wa wiki mara moja moja. Nyumba ilikuwa ya babu, bibi na mimi. Usiku ule nilimtazama babu akimenya viazi vya kuchemsha kwa kisu chake cha mfukoni, mvuke ukipanda kwenye koroboi, na nikaona mikono yake mikubwa kama sikuwahi kuiona. Nikauliza.

"Babu, babu wa mtu anaweza kumuua mjukuu wake?"

Akaweka kisu chini. "Nani kakuambia maneno hayo?"

Nikamweleza. Nadhani nilieleza vibaya, maana bibi alikuja mbio kutoka jikoni akidhani limetokea jambo mtaani. Babu hakusema kitu. Alimalizia kumenya, akanipa kiazi kikubwa.

Kesho yake, jua likiwa linazama, pazia la gunia la mlango wa banda lilifunuliwa na babu akaingia akiwa amevaa koti lake la reli. Kelele zikakatika. Mzee kuingia banda la gemu maana yake ilikuwa moja tu, na watoto wawili walishaanza kutafuta upenyo chini ya benchi. "Shikamoo babu," banda zima. "Marahaba wanangu," akasema. Akanitafuta kwa macho, akanipata. "Yuko wapi huyo babu?"

Mwenye banda alimpisha kiti chake cha plastiki. Kijana wa useremala akamchukua Jini, akaanza upya kwa ajili ya mgeni, na hakuna aliyedai zamu yake. Babu alitazama kama anavyotazama mtu anayechimba kaburi, kimya, mikono magotini. Mmoja wetu akawa anamtafsiria. Huyu ni Mkorea. Huyu alilala kwenye barafu miaka mingi ndiyo maana hazeeki. Na Kazuya, baba yake Jini, alitupwa kwenye volkano na huyuhuyu mzee. Sisi tuliokulia chini ya Rungwe tulikuwa na uhakika volkano ile tunaifahamu, na rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba ni Ngozi, na ndiyo sababu lile ziwa halina mwisho ukishuka. Babu, ambaye kwao ni Tukuyu, alimsikiliza kwa makini akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akatokea Lei Wulong, askari wa Hong Kong, na babu akainama mbele.

"Huyu ni Mchina."

Babu alibeba mataruma ya TAZARA. Reli ile ilijengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na yeye aliifuata kambi kwa kambi kutoka Makambako kuja huku. Tulikuwa tumelisikia hilo mara nyingi, lakini jioni ile alilisimulia banda zima: jinsi Wachina wa kambini walivyoamka kabla ya jua na kusimama mstari kwenye umande, wakisogeza mikono polepole kama wanasukuma maji, na vijana wa Kisafwa na Kinyakyusa wakisimama pembeni wakiwaiga. "Huyu anasimama vilevile," akasema. "Hawajamkosea." TV ya mpira ilikuwa imeachwa. Wakubwa wote walikuwa wamehamia upande wetu.

Filamu ilipofika, nilimtazama babu badala ya kioo. Risasi, kuanguka, bastola. Hakushtuka. Ilipokwisha aliniita kwa kichwa, nikaenda.

"Huyo si babu," akasema. "Huyo ni mzee tu."

Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji jingine. Tangu siku ile niliweza kumtazama Heihachi bila hofu, hata nikaanza kumpenda kama mtu anavyompenda mhalifu wa kijijini ambaye kila mtu anajua visa vyake. Nikazifuata zote. Tekken Tag nikaicheza kwenye PlayStation 2, Mwanjelwa. Tekken 5 niliicheza nikiwa sekondari, bweni, wakati wa likizo fupi. Humo akatokea Jinpachi, baba yake Heihachi, ambaye naye alifungiwa na mwanawe chini ya hekalu. Nilinunua vocha kwa ajili hiyo tu. "Babu, kumbe na yule mzee ana baba!" Simu ikawa kimya, kisha akauliza, "Naye kamfanyaje?" Nikamwambia. Nikamsikia akimsimulia bibi upya, kizazi kwa kizazi, bila kukosea hata jina moja, isipokuwa Jin, ambaye kwake alibaki Jini.

Alifariki mwaka 2012. Ndiyo maana ile ya 2017 niliimaliza gizani.

Lakini jioni ya bandani haikuishia kwenye filamu. Babu aliomba pedi. "Nipeni huyo Mchina." Kijana wa useremala akamchukua Paul, ambaye ngumi yake moja ikikupata inaondoka na sehemu kubwa ya uhai wako, na kwa kawaida hakuwa na huruma na mtu. Tukamwonesha babu vitufe. Akavitafakari, akachagua, akabonyeza kwa kidole gumba chenye kucha iliyokufa tangu enzi za mataruma. Akabonyeza tena viwili kwa pamoja. Mchina akajilaza chali sakafuni.

Hakuwa amepigwa. Ndio mtindo wa Lei, anaweza kupigana hata akiwa amelala. Babu hakujua. Alimgeukia mpinzani wake.

"Mwache apumzike."

Yule kijana akaondoa vidole kwenye vitufe. Paul akabaki amesimama, anayumbayumba kama wanavyofanya wakisubiri, na Mchina amelala, na saa ya juu ikihesabu kwenda chini, na sisi kumi na kitu tumebanana kwenye benchi moja hakuna aliyekohoa. Muda ukaisha, hakuna aliyeguswa. Babu akarudisha pedi kwa mikono miwili, akaweka sarafu ya mia mezani, akasema asanteni wanangu, akanifunika kwa upande mmoja wa lile koti tukatoka.

Nje ukungu ulikuwa umeshashuka barabarani, malori ya Malawi yanapita taa zake huzioni mpaka yakufikie. Nikamuuliza kama kesho atakuja tena.

"Kesho," akasema, "yule Mchina atakuwa ameamka."