Kopo la bibi linanuka siki

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Tanga kwa bibi, akanituma nimletee dawa ya kichwa kwenye lile kopo lake la Blue Band, nadhani kila nyumba ya pwani inalo, ndani kuna vifungo, sindano ya mkono, risiti za Luku za mwaka juzi na vidonge vimefungwa kwenye vikaratasi. Nafungua tu, harufu ya siki ikanipiga puani. Nikajua kuna achari imemwagikia humo. Nikachakura weee, kumbe ni aspirini, vidonge vya siku nyingi sana, na juu vimeota vijisindano vyeupe vyembamba kama manyoya ya paka, ukivigusa vinavunjika. Namwonyesha bibi, ananijibu "hizo nzima, ni unyevu wa bahari tu huo, lete". Nikamwambia bibi nisamehe sana, hizi leo hunywi.

Ila kwenye unyevu alikuwa sahihi kabisa. Aspirini ni asidi ya salisiliki iliyobandikwa kijipande kidogo kinaitwa asetili, na kidogo namaanisha kidogo kweli, kaboni mbili, haidrojeni tatu, oksijeni moja, basi. Hewa yenye maji ikikaa na kidonge muda mrefu inakibandua kile kijipande. Kinachobaki ni salisiliki tupu, ndo vile vijisindano, na kilichobanduka kinageuka asidi ya asetiki ambayo ndo siki yenyewe unayotia kwenye kachumbari. Hata jina asetili limetoka kwenye neno la Kilatini la siki. Kwa hiyo aspirini ikinuka siki ujue kazi imeshaisha humo ndani, unachomeza ni kitu kingine kinachokwaruza tumbo.

Mi nipo maabara, sio daktari, lakini toka siku ile hii asetili imenikaa kichwani maana ukianza kuitafuta inatokea kila mahali. Chukua boksi la parasetamo uangalie jina lilivyoandikwa, katikati kuna "acet", ndo hiyohiyo. Halafu kuna hii ya mwaka 1897, Agosti, pale Bayer Ujerumani, mkemia anaitwa Felix Hoffmann alibandika asetili kwenye asidi ya salisiliki akapata aspirini safi, na mwezi uleule, mtu yuleyule, akabandika asetili mbili kwenye mofini akapata heroini. Bayer wakaiuza kama dawa ya kikohozi kuanzia 1898! Yaani unga huu unaomaliza vijana wetu wa pwani na dawa ya kichwa ya bibi vimetoka kwenye meza moja. Kwenye heroini asetili ni kama nauli tu, inaisaidia mofini kupenya haraka kwenda kwenye ubongo, ikishafika zinabanduliwa na mofini inaendelea na mambo yake.

Kwenye aspirini sio nauli, hapo asetili ndo silaha. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, vile vitu vinavyoleta maumivu na homa, na 1982 akapewa Nobeli pamoja na wenzake wawili. Namna inavyofanya ndo tamu sasa. Kuna enzaimu, yaani protini inayofanya kazi kama kimashine cha mwili, ina kama kinjia ndani yake ambako malighafi inapita ikatengenezwe. Aspirini inaingia pale, inabandua asetili yake na kuigandisha kwenye ukuta wa kile kinjia, inaondoka. Ni kama mtoto amevunjia njiti ya kiberiti kwenye tundu la kitasa, ufunguo unao lakini hauingii. Brufeni inaziba njia hiyohiyo ila yenyewe inakaa tu mlangoni, baadae inajiondokea, aspirini ikishagandisha imegandisha. Seli za kawaida zinatengeneza enzaimu mpya maisha yanaendelea, lakini chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu ukijikata, hazina kiini, haziwezi kutengeneza nyingine, kwa hiyo zinabaki na njiti yao kwenye kitasa mpaka zife, kama wiki moja hadi siku kumi. Ndo maana kidonge kidogo cha miligramu 75 kwa siku kinatosha kwa mgonjwa wa moyo, na ndo maana kabla ya upasuaji wanakuuliza kama unatumia aspirini. Na ndo maana ukitangulia kunywa brufeni halafu aspirini ya moyo ikafuata, aspirini inamkuta mwenzie kashakaa mlangoni, inakosa pa kubandika. Hili sijui kwanini halisemwi sana madukani.

Mwilini kwako asetili haitoki kwenye dawa, inatoka kwenye sahani. Ukila ugali sukari yake inakatwakatwa mpaka vipande vya kaboni tatu, kaboni moja inatoka unaipumua nje, zinazobaki mbili ndo asetili, inabebwa na kitu kinaitwa koenzaimu A, ambacho Fritz Lipmann alikigundua na kikampa Nobeli ya 1953. Mafuta ya nazi nayo yanaishia hapohapo. Kutoka hapo mwili unaamua, ichomwe iwe nguvu au itumike kujengea vitu, maana kolesteroli yote unayoogopeshwa nayo imejengwa kwa hizi asetili, kaboni zake zote 27. Na kama una kisukari na insulini haipo, ini linachoma mafuta mpaka asetili zinakosa pa kwenda, linaanza kuziunganisha mbilimbili, ndo unasikia pumzi ya mgonjwa inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ukiisikia hiyo harufu kwa mtu wa kisukari anayetapika na kuhema kwa nguvu, usikae kumpikia uji, mpeleke hospitali.

Asetili nyingine zinaenda kwenye DNA, au tuseme kwenye vile ilivyoviringiwa. DNA ya seli moja ukiinyoosha ni kama mita mbili, sasa ili iingie kwenye kiini inazungushwa kwenye protini zinaitwa histoni kama uzi kwenye roli za fundi cherehani. Histoni zina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, zinang'ang'aniana. Ukibandika asetili kwenye mkia wa histoni ile chanya inafunikwa, uzi unalegea, na seli inaweza kusoma kilichoandikwa pale. Vincent Allfrey na wenzake New York walilisema hili toka 1964 na watu wengi hawakulitilia maanani, mpaka 1996 ambapo maabara ya David Allis ilipoikamata enzaimu inayobandika, wakiitoa kwenye kidudu cha seli moja cha majini, na ikafanana na protini ambayo tayari ilijulikana inawasha jeni kwenye hamira. Baadae zikaja dawa zinazozuia enzaimu zinazobandua, ya kwanza kupitishwa Marekani ilikuwa vorinostati mwaka 2006, kwa aina ya saratani ya limfu inayoonekana kwenye ngozi.

Na watu wa VVU wakaidaka palepale. Unajua ARV zinaua nguvu ya virusi lakini kuna virusi vingine vimelala ndani ya seli, kwenye uzi uliokazwa, dawa hazivioni. Wazo likawa tuvilegezee uzi viamke tuvimalize. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwa wagonjwa kwamba vorinostati inaviamsha kweli. Viliamka, ila idadi ya seli zinazovificha haikupungua, vilipiga miayo tu. Mi nilivyosoma hiyo nilicheka kwa uchungu.

Haya turudi kwenye kopo, maana hii post nimeianza kwa sababu ya kitu nilichokikuta chini kabisa ya lile kopo. Pakiti tatu za vidonge vidogo vyeupe, hazijaguswa. Nageuza nyuma nasoma: pairidoksini. Vitamini B6. Nikamuuliza bibi za nani hizi, akasema za mjomba wako, anasema hazihitaji.

Mjomba alikuwa mwezi wa nne wa dawa za TB. Zile kubwa anazimeza bila kukosa, anajisifia mpaka mkojo wake ulivyo rangi ya chungwa kama ushahidi. Ila walipompa na kidonge kidogo wakamwambia "hii vitamini" akasema vitamini nitaipata kwenye mchicha, akakitupia kwenye kopo. Na usiku nilimwona kwa macho yangu, amelala kwenye mkeka kifua tu, miguu ameitoa nje ya mkeka, nyayo zimekanyaga ukuta wa saruji. Namuuliza mjomba vipi, anasema zinawaka moto, ukuta una ubaridi. Wiki ngapi? Kama mwezi na nusu hivi. Hakumwambia mtu, alidhani ni gauti.

Sasa sikilizeni. Kwenye dawa za TB kuna isoniazidi, ilianza kutumika 1952. Ini lina enzaimu inaitwa NAT2 ambayo kazi yake ni kuchukua asetili na kuibandika kwenye dawa kama hizi, na isoniazidi ikishabandikwa asetili haimdhuru tena mdudu wa TB, inakuwa takataka ya kwenda kwenye mkojo. Umeona kinyume chake na aspirini, kule asetili inazima enzaimu, huku inazima dawa. Na sio wote tunabandika kwa kasi moja. Wengine nusu ya dawa imeisha ndani ya saa moja hivi, wengine inachukua saa tatu au zaidi. Mwaka 1960 Price Evans na wenzake walipima familia nzima nzima wakaona ni ya kurithi, ukipata jeni ya polepole kwa baba na kwa mama basi we ni wa polepole. Ulaya na sehemu nyingi za Afrika wa polepole ni kama nusu ya watu, Japani ni kama mmoja kwenye kumi.

Ukiwa wa polepole dawa inakaa mwilini muda mrefu, na isoniazidi ikikaa inajishikiza na vitamini B6 na kutoka nayo kwenye mkojo. Mishipa ya fahamu ikikosa B6 inaanza kulalamika, na inaanza ile mirefu kuliko yote, ya miguuni. Ganzi, kuchomachoma, moto. Ukijumlisha pombe, kisukari, VVU, ujauzito au lishe duni ndo balaa zaidi. Kwa hiyo kile kidonge sio vitamini ya kukupa hamu ya kula, ni fidia ya kile dawa inachokuibia. Mchicha ule, ni mzuri, lakini hauwezi kushindana na isoniazidi ya kila siku.

Na msidhani wa haraka ndo wamepona. Walipojaribu huko Madras, India, kuwapa watu isoniazidi na streptomaisini, dawa nyingine ya TB, mara moja tu kwa wiki, wa haraka ndo walioshindwa kupona vizuri, dawa ilikuwa inaisha kabla haijafanya kazi. Ukimeza kila siku ile tofauti inafifia sana, ndo sababu mojawapo manesi wanakukaba na kila siku, kila siku. Hii dozi fupi ya miezi sita yenyewe ilijaribiwa hukuhuku kwetu, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, matokeo ya mwanzo yakatoka 1972, kabla ya hapo ilikuwa mwaka mzima na zaidi. Wazee watakumbuka pia thiasetazoni, ilipendwa kwa sababu bei yake chee, nayo ina asetili, ila VVU vilipoingia ikaanza kuwababua watu ngozi vibaya sana, utafiti wa Nairobi wa 1991 ukaonyesha wazi, ikaondolewa ikaja ethambuto.

Mdudu naye hajalala, ana enzaimu yake inaitwa Eis inayobandika asetili kwenye kanamaisini, ile sindano ya TB sugu iliyokuwa inawaacha watu viziwi, na akiizalisha kwa wingi sindano inakuwa maji tu. Kijipande kilekile cha siki.

Asubuhi yake nilimpeleka mjomba kliniki. Nesi hakumgombeza, alimuuliza tu hizo za kwenye kopo ni ngapi, akaandika, daktari akampandishia dozi ya B6 na kumwangalia macho kama yana njano, maana ini nalo linaweza kuumia kwa isoniazidi na hao hao wa polepole ndo wako karibu zaidi na hatari. Njiani kurudi mjomba kimya, tukafika kwenye kona ya sokoni ndo akaniuliza, "kwa hiyo mimi ni wa haraka au wa polepole?" Nikamwambia mjomba hicho kipimo kliniki za kawaida hawafanyi, wanakupa tu B6 yaishe, ila kwa miguu ile mi ningekuweka kwa wa polepole. Akasema hayo ameyatoa kwa mama yake, yaani bibi, na tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kumwambia. Bibi akamjibu jeni zinatoka kwa wawili, na baba yako alikuwa anachukua saa nzima kuvaa viatu.

Jana nimepiga simu. Moto umepungua, analala na miguu ndani ya mkeka, ganzi imebaki kwenye vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kopo limeoshwa. Aspirini nilizitupa mwenyewe, lakini bibi anasema bado linanuka.