Dinari Mbili za Rajkumari Amrit Kaur

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo la wiki hii ni Luka 10:34-35. Msamaria hakuishia kumwonea huruma yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Alimfunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, na kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili na kuahidi kulipa gharama itakayozidi. Tusizipite haraka hizo dinari.

Tumtazame mmoja aliyezitoa dinari za namna hiyo: Rajkumari (yaani binti mfalme) Amrit Kaur, aliyezaliwa Lucknow, India, mwaka 1887, katika ukoo wa kifalme wa Kapurthala. Baba yake, Harnam Singh, alimpokea Kristo na kwa ajili hiyo akapoteza haki yake ya kiti cha enzi. Binti alisoma Uingereza, akarudi nyumbani, akawa katibu wa Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, kwa miaka 16, akafungwa jela na wakoloni. Mwaka 1947 akawa waziri wa kwanza wa afya wa India huru, akakaa wizarani hadi 1957.

Kifua kikuu kilikuwa kinaua watu wengi mno. Kampeni ya chanjo ya BCG ilianza 1948, na chanjo yenyewe ikatengenezwa huko huko India, Guindy, mjini Madras. Ilikuwa kazi ya subira. Mtu alidungwa kwanza dawa ya kupimia ngozini, kisha akatakiwa kurudi siku ya tatu mkono ukaguliwe. Yule tu ambaye ngozi haikuonyesha dalili ya maambukizi ndiye aliyechanjwa. Wapo waliopimwa wasirudi, na kipimo chao kikaenda bure. Tena BCG ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa: ikipigwa na jua au joto vinakufa, na anayedungwa anaondoka bila kinga huku akiamini anayo.

Mwaka 1953 ukaja mpango wa malaria, wa kupulizia DDT, dawa ya kuua wadudu, kwenye kuta ndani ya nyumba, maana mbu akishauma hupenda kutua ukutani. Lakini mwenye nyumba akikandika udongo mpya baada ya siku chache, dawa imefunikwa. Ndiyo maana mpulizaji asiyekaa na wenyeji na kuwaeleza anafanya nusu ya kazi.

Si kila jambo alilolianzisha lilifaulu. Katika uzazi wa mpango aliamini njia moja pekee, ya kuhesabu siku za mzunguko wa mwezi wa mwanamke na kujizuia siku anazoweza kushika mimba, na mwaka 1951 akaomba msaada wa Shirika la Afya Duniani kuijaribu. Wanawake wakapewa mikufu ya shanga za rangi, wasogeze moja kila siku. Baadhi yao walidhani kusogeza shanga kwenyewe kunazuia mimba. Kwa maoni yetu alikosea kuwafungia wanawake maskini njia nyingine, ingawa nia yake ilikuwa safi.

Dinari zake hasa tunaziona katika taasisi ya tiba ya AIIMS, Delhi. Aliwasilisha muswada wake bungeni Februari 1956. Kabla ya hapo alikuwa amezitafuta fedha: New Zealand ilitoa pauni milioni 1 kupitia Mpango wa Colombo, mpango wa misaada ya maendeleo kwa nchi za Asia. Sheria ikaipa taasisi mamlaka ya kujiendesha, na madaktari wake wakazuiwa kutibu kwa malipo binafsi pembeni. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu daktari mwenye kliniki yake mjini huanza kumpunguzia muda mgonjwa wa wodini asiye na kitu.

Mwenye nyumba ya wageni katika somo letu naye aliachiwa mgonjwa amtunze usiku na mchana, na tunamsahau. Amrit Kaur hakumsahau. Nyumba ya ukoo wake kule Shimla, iitwayo Manorville, aliitoa kwa AIIMS ili wauguzi na wafanyakazi wenzao wapate mahali pa kupumzika.